Jicho likiumia, kimbilia zahanati siku hiyo hiyo

Mkata chikichi hufanya kazi ametazama juu. Kila panga linapotua kwenye mkungu, vumbi, vipande vya makuti na miba midogo humshukia usoni. Huku kwetu Kigoma vijijini tumeshazoea kumwona mtu akifikicha jicho na kurudi kazini, na hilo linanisumbua sana.

Mjomba wangu aliingiwa na mwiba hivyo hivyo. Siku ya kwanza jicho liliwasha na kutoa machozi tu. Jirani akaponda majani, maji yake yakakamuliwa humo. Wekundu ulipozidi, mwingine akamletea matone yaliyobaki nyumbani kwake. Alipofika kwa daktari wa macho, kwenye kioo cha mbele palikuwa na doa jeupe kama punje ya mchele. Daktari akatueleza kuwa fangasi wa kwenye mimea walikuwa wanakila kioo, na matone yale yalikuwa na steroidi, inayotuliza wekundu huku fangasi wakizidi kukua. Kidonda kilipona, doa likabaki. Jicho lile sasa linaona mwanga na vivuli tu.

Mkwaruzo mdogo ukiwahiwa hupona. Bhaktapur, Nepal, wahudumu wa afya vijijini waliwapaka waliokwaruzwa macho mafuta ya kloramfeniko (dawa ya kuua bakteria) ya asilimia 1, mara 3 kwa siku kwa siku 3. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2001, kati ya watu 442, asilimia 96 walipona bila kupata kidonda, na walioanza dawa ndani ya saa 18 hakuna hata mmoja aliyepata. Saa 18! Zahanati ya kata unaifikia mara kadhaa ndani ya muda huo.

Si jambo la wakulima wachache. Mwaka 1998 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikadiria kuwa watu milioni 19 hivi duniani wamepofuka jicho moja au wanaona hafifu kwa jicho hilo kwa sababu ya kuumia. Wengi wanaoumia ni wanaume na watoto wa kiume: nyundo, kuni, fimbo, manati.

Akina mama wanaopika sabuni ya mawese, kostiki soda ndiyo ya kuogopwa zaidi, maana huzama ndani ya jicho kuliko hata asidi ya betri. Ikiruka, usitafute usafiri kwanza. Fungua kope kwa vidole, mwaga maji safi mfululizo nusu saa nzima, ndipo muondoke.

Kitu kikichoma jicho, iwe ndoano, waya au kipande cha chuma, usikichomoe, usilioshe, usilikandamize. Kata kitako cha kikombe cha karatasi, kiweke juu ya jicho bila kuligusa, kibandike kwa plasta kwenye paji na shavu, kisha muwahi hospitali. Asile njiani, huenda akahitaji upasuaji.

Miwani ya plastiki ya mafundi inamtosha mkata chikichi, na watoto wakae mbali na shina.

Mgonjwa akisema "linawasha tu", mzibe jicho lisiloumia kwa kiganja umwambie asome namba kwenye simu yake kwa lile lililoumia. Akishindwa, msibishane tena, iteni bodaboda. Akiweza, bado apitie zahanati kabla ya jioni.