Chumvi Haina Joto, Huyeyushaje Barafu?

SWALI: Nimesoma kwamba katika nchi zenye baridi kali chumvi humwagwa barabarani ili barafu na theluji ziyeyuke. Nijuavyo mimi, barafu huyeyushwa na joto. Nilipochanganya chumvi na barafu iliyopondwa ndani ya bilauri, kipimajoto kilishuka chini ya sifuri badala ya kupanda. Nimekosea wapi?

JIBU: Hukukosea, kipimajoto chako kilisema kweli. Chumvi ya kawaida haiipi barafu joto, bali hushusha kiwango cha kuganda kwa maji.

Pale barafu inapokutana na maji, molekuli hubanduka kutoka kwenye barafu na nyingine hurudi kuganda juu yake, na katika nyuzi 0 za Selsiasi zinazotoka hulingana na zinazorudi. Chumvi inapoyeyuka katika maji hayo (na hapa lugha yetu inatutega kidogo, kwani neno hilohilo la kuyeyuka tunalitumia kwa barafu inayogeuka maji na kwa chumvi inayopotea majini, ilhali ni mambo mawili tofauti), hugawanyika kuwa ioni, yaani chembe ndogo zenye chaji ya umeme, za sodiamu na kloraidi. Ioni hizo hujipenyeza kati ya molekuli za maji, hivyo zinazorudi kwenye barafu hupungua, huku zinazobanduka zikiendelea kama kawaida. Barafu basi huisha polepole.

Lakini kila gramu ya barafu inayoyeyuka huhitaji joto la jouli zipatazo 334 (jouli ni kipimo cha nishati), na kwa kuwa ndani ya bilauri hakuna chanzo kingine cha joto cha karibu, joto hilo huchukuliwa kutoka katika mchanganyiko wenyewe. Ndiyo maana ulipoa. Ukiwa na chumvi ya kutosha, takriban asilimia 23 ya uzito wa maji hayo ya chumvi, unaweza kufika karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Barabarani, joto hilo hutoka ardhini, hewani na kwenye jua.

Baridi ikipita nyuzi hizo 21, chumvi hiyo haifui dafu, na kwa kweli huanza kuzembea mapema zaidi, kwenye nyuzi kama 10 chini ya sifuri, kwa sababu punje kavu huhitaji unyevu kidogo ili ianze kazi. Kwa hiyo mahali pengine hunyunyiziwa maji ya chumvi, au hutumiwa kalsiamu kloraidi, ambayo hutoa ioni tatu badala ya mbili na pia hutoa joto inapoyeyuka majini. Kwa upande wa kalsiamu kloraidi, dhana yako ya joto ingekuwa na ukweli kiasi.

Ukirudia jaribio, usiushike mchanganyiko huo kwa mkono mtupu: baridi yake inaweza kujeruhi ngozi mfano wa kuungua.