Uliza Fundi: Poselini ya kung'aa jikoni, na tailizi zinazonyanyuka zenyewe

Habari fundi. Nafungua mgahawa, una ukumbi, jiko na vyoo viwili. Nimependa poselini za kung'aa za sentimita 60 kwa 120, nataka nizipige kote mpaka jikoni ili pote paonekane pamoja. Fundi wangu anakataa jikoni, muuzaji anasema poselini ni poselini tu, ni imara. Nimsikilize nani? – Mama Mgahawa

Msikilize fundi wako mama, tena mshukuru. Muuzaji hajadanganya, ila amejibu swali ambalo hukuuliza. Poselini maana yake tailizi imechomwa ikashikana kiasi kwamba hainyonyi maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake, ndio maana haivunjiki ovyo na doa haliingii ndani kirahisi. Lakini hilo halisemi chochote kuhusu kuteleza, kuteleza kunatokana na uso wa juu, na uso uliosuguliwa mpaka ukang'aa ukipata maji na mafuta ya kukaangia, mpishi aliyebeba sufuria ya moto anaenda chini. Hapo kuna mtu anaungua, kwa hiyo kwenye hili mi sibembelezi mtu.

Ukienda dukani uliza namba inayoonyesha tailizi inashika mguu kiasi gani. Kipimo cha Marekani kinataka angalau 0.42 kwa sakafu ya ndani iliyo tambarare na watu wanaipita ikiwa imelowa, na hicho ni kiwango cha chini kabisa, kimepimwa kwa maji wala sio mafuta. Wajerumani wana kipimo cha R9 mpaka R13, namba ikipanda ndio inashika zaidi, wanamtembeza mtu kwenye ubao uliomwagiwa oili huku wanauinua taratibu mpaka aanze kuteleza. Jiko la biashara usishuke chini ya R11, na sehemu ya kukaangia R12 ni bora zaidi. Kama muuzaji hana namba yoyote ya kukuonyesha, chukua kipande kimoja, kimwagie maji na mafuta kidogo, kisugue na kiatu cha kazi, utapata picha.

Halafu kuna habari ya saizi. Jikoni lazima sakafu iteremke kuelekea kwenye shimo la maji, sasa tailizi ya urefu wa 120 huwezi kuikunja ifuate mteremko, itabidi ikatwekatwe vipande vya ajabu au maji yatuame. Weka ndogo, zina mianya mingi kati yake, mguu unashika na mteremko unakaa vizuri. Grauti, yaani ile ya kujaza mianya hiyo, tumia ya epoksi kwa sababu grauti ya saruji inanyonya mafuta na inaliwa na ndimu na siki, ila epoksi inataka fundi aliyeizoea maana ikikauka juu ya tailizi kabla hajaifuta, kuitoa ni kazi kweli kweli.

Na hiyo nia yako ya pote kuonekana pamoja wala huipotezi! Viwanda vingi vinatoa muundo uleule na rangi ileile kwa nyuso tofauti, ile isiyong'aa unaweka ukumbini na vyooni, yenye mkwaruzo unaweka jikoni, na hiyo ya kung'aa uliyoipenda ipandishe ukutani au mbele ya kaunta ambako taa zitaipendezesha na hakuna anayeikanyaga. Kitu kimoja watu wanasahau, mwite atakayekuwa anapiga deki kabla hujalipa. Uso wenye mkwaruzo dekio peke yake haliutoshi, unataka brashi ya mpini na maji ya kusuuza, na kama hutampa hivo vitu sakafu itaonekana chafu kila siku na lawama atabeba yeye.

Fundi shikamoo. Mapokezi ya hoteli yetu yana ukuta wa vioo. Juzi mchana tailizi zimelia paa, safu nzima ikanyanyuka ikakaa kama hema. Wengine wanasema ni gundi mbaya. Tuzibandike tena? – Meneja

Marahaba. Usizibandike tena hivohivo, zitarudia. Jua linapita kwenye kioo linachoma sakafu, tailizi zinatanuka, zege chini halitanuki sawa nazo, na kama zimebanwa ukuta kwa ukuta bila nafasi, pa kwenda ni juu tu. Mwongozo wa TCNA, baraza la tailizi la Marekani Kaskazini, unataka mwanya wa kutanuka ndani ya jengo kila mita 6 hadi 7.5 kila upande, na panapopigwa na jua kila mita 2.4 hadi 3.6. Mwanya huo unajazwa silikoni ya sakafuni yenye rangi ya grauti, usijazwe grauti maana ni ngumu, utakuwa umeuziba. Acha pia nafasi kwenye kuta na kuzunguka nguzo, skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta, itaficha.

Gundi nayo iangalie. Geuza zile zilizong'oka, ukiona madonge matano ya gundi na katikati pako wazi basi ziliwekwa kivivu. Sehemu kavu gundi ishike angalau asilimia 80 ya mgongo, sehemu yenye maji 95. Zilizobaki zigonge na sarafu, zenye sauti ya utupu zing'oe sasa hivi kabla mgeni hajajikwaa. Safari hii mwambie fundi anyanyue moja aliyoiweka muda huohuo muangalie mgongo wake pamoja, fundi mzuri hakasiriki kwa hilo.

Ninunue boksi ngapi za ziada kwa ajili ya loji? – Msomaji

Asilimia 10 ndio kawaida, ukilaza mshazari ongeza. Kabla ya kupokea mzigo soma namba ya rangi na ya kipimo kwenye kila boksi zifanane, maana jina moja likichomwa siku tofauti rangi inapishana na ukumbini itaonekana. Boksi za ziada usizirudishe dukani, ziandikie chumba zilikotumika uzifungie stoo, kwa sababu muundo ukiacha kutengenezwa halafu bomba likapasuka chini ya sakafu hutapata pengine pa kuzinunua.