Ukisafiri na Mama Wakati wa Theluji na Ugonjwa, Usiifunge Safari kwa Tarehe Moja

Wiki iliyopita niliandikiwa ujumbe na mama mmoja wa Njiro, Arusha, ambaye kaka yake anaishi Minneapolis, Marekani, na amewakatia tiketi yeye, watoto wake wawili na mama yao mzazi waende kula Krismasi huko. Aliniuliza mambo mawili tu: wabebe nguo gani, na je, warudi tarehe 2 au tarehe 3 Januari ili awahi kufungua ofisi. La nguo ningelijibu kwa mistari mitatu. Hilo la pili lilinikosesha usingizi, kwa sababu ndilo swali nililojiuliza mwenyewe mwishoni mwa mwaka 2021, nikalijibu vibaya, na gharama yake akaibeba mama yangu.

Ninyi mnaonisoma mnaijua shauku hii, wala sina haja ya kuieleza sana. Sisi wa Moshi tumekua tukijua kwamba Desemba ni mwezi wa kurudi nyumbani: mabasi ya kutoka Dar es Salaam hayana nafasi, magari yanapanda Machame, Kibosho, Marangu na Rombo usiku na mchana, na kila kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, kina moshi wa jikoni na mbuzi aliyefungwa akisubiri siku yake. Mtu anapoamua kuiacha Krismasi ya namna hiyo na kumpeleka mama ng'ambo, anakuwa amejitwisha matarajio ya ukoo mzima, na kila kitakachoharibika ataulizwa yeye.

Kaka yangu alikuwa ametimiza miaka kumi na moja Richmond, katika jimbo la Virginia, na mama alikuwa hajawahi kuwabeba wajukuu zake wa huko. Rais Samia alipozindua chanjo ya UVIKO-19 tarehe 28 Julai 2021, mama alisita kwa wiki kadhaa kutokana na maneno ya sokoni, kisha akachanjwa Agosti ile dozi moja ya Janssen, baada ya mimi na mume wangu kuchanjwa mbele yake. Marekani ilipotangaza kwamba kuanzia tarehe 8 Novemba itawapokea wageni waliokamilisha chanjo, nililia kwa furaha nikiwa dukani. Siku kumi na nane baadaye Shirika la Afya Duniani likaipa jina aina mpya ya kirusi hicho, Omikroni, na kuanzia tarehe 6 Desemba kila msafiri wa ndege aliyekuwa akiingia Marekani alitakiwa awe na kipimo kilichochukuliwa si zaidi ya siku moja kabla ya kuondoka, awe amechanjwa au hajachanjwa. Aliyesamehewa ni mtoto wa chini ya miaka miwili tu, na wangu walikuwa na miaka tisa na minne.

Nasema kwa fahari, na fahari hiyo ninayo mpaka leo, kwamba hadi tunapanda ndege KIA, uwanja wa Kilimanjaro, sikukosea hata karatasi moja. Nilikuwa na bahasha ya plastiki ya bluu yenye vyeti vya chanjo, majibu ya vipimo, nakala za pasipoti na barua ya kaka, vyote vimepangwa kwa mpangilio wa umri kuanzia mama hadi mtoto wa mwisho. Maofisa waliichukua, wakaifungua, wakairudisha bila swali. Lakini bahasha ile ndiyo iliyonidanganya, kwa maana niliona safari nzima ni jambo la mpangilio, na kwamba aliyepanga vizuri hawezi kukwama.

Krismasi yenyewe ilikuwa njema na sitaisimulia. Niseme tu kwamba vipimo vya kujipima nyumbani vilikuwa vimeadimika, maduka ya dawa yalikuwa yamebandika karatasi mlangoni kwamba vimekwisha, na wifi yangu alikuwa ameficha viwili kabatini kwa ajili ya mama. Tulikula madirisha yakiwa wazi kidogo, na baridi ilikuwa inaingia kwenye mtori.

Sasa niwaeleze kwa nini nilikuwa na haraka. Nina duka la sare za shule Moshi mjini, pamoja na mafundi cherehani wanne, na mtu wa biashara hiyo anajua kwamba Januari ndiyo inayolisha miezi mingine kumi na moja. Shule zilikuwa zinafunguliwa katikati ya mwezi, nami nilitaka kuwa nyuma ya meza yangu tarehe 6. Kwa hiyo tiketi ilikuwa ya Jumatatu jioni, tarehe 3, kutoka uwanja wa Dulles karibu na Washington. Jumapili usiku utabiri ulibadilika na kutangaza theluji nzito upande wa kaskazini. Kaka akaja sebuleni akaniambia, "Dada, tuahirishe. Nitalipa mimi tofauti ya tiketi." Wifi akaongeza kwamba theluji haijui ratiba ya duka. Lile neno lilinichoma, nikalichukua kama dharau, na nikasema mbele ya mama kwamba asiyetaka kutupeleka aseme, tutatafuta gari la kukodi. Kaka yangu ni mpole. Alinyamaza, akaenda kukagua matairi.

Kutoka Richmond hadi Washington ni kiasi cha kilomita 170, mwendo wa saa mbili kwa barabara kuu namba 95. Tuliondoka saa tano asubuhi. Kilichotokea barabarani siku ile kiliandikwa na magazeti ya dunia nzima, na sababu yake inafaa kueleweka na kila anayepanga safari ya majira hayo. Mvua ilianza kabla ya theluji, na kwa sababu ya mvua hiyo barabara haikuwa imemwagiwa maji ya chumvi mapema, kwa kuwa yangeoshwa yote. Kisha theluji ikaanguka kwa kasi ya sentimita 5 kwa saa, joto likashuka chini ya sifuri, maji yakawa barafu, na malori yenye tela yakateleza na kukaa mkingamo. Lori likishaziba njia, gari la kukwangua theluji halipiti, na nyuma yake kila dakika inaongeza magari. Kipande kilichofungwa kilikuwa karibu kilomita 80, yaani kama mtu angeanza kuhesabu magari yaliyosimama Moshi mjini akamaliza Arusha. Seneta Tim Kaine wa Virginia alikuwa kwenye foleni hiyo akielekea bungeni, naye alikaa humo saa 27. Sisi tulikaa ishirini na moja.

Saa tano za kwanza tuliimba. Saa ya sita simu ya kaka ikalia: ndege yetu ilikuwa imefutwa kwa sababu ya dhoruba. Tulikuwa tumekwama tukiifukuzia safari ambayo haipo tena, na hakuna aliyenitazama.

Giza lilipoingia tulikuwa na petroli ya robo tanki. Kaka alizima injini, akawa anaiwasha dakika kumi kwa kila saa ili hita ifanye kazi, na kila kabla ya kuiwasha mtu alishuka kwenda kuondoa theluji kwenye ekzosi, kwa sababu bomba likizibwa, moshi wenye sumu isiyo na harufu hurudi ndani ya gari na kuwaua watu wakiwa usingizini. Aliyeshuka mara nyingi ni mume wangu, akiwa na viatu vya ngozi vya kwenda kanisani na sahani ya plastiki mkononi, akikwangua kwa magoti. Ndani, pumzi zetu saba, pamoja na mtoto mkubwa wa kaka aliyekuja kutusindikiza, ziliganda kwenye vioo, na mwanangu mdogo akawa anachora kwa ukucha juu ya barafu iliyokuwa upande wetu wa kioo. Tulivua barakoa na kuzivaa tena zikiwa zimelowa.

Ilipokaribia saa tano usiku mama akasema kwa sauti ya chini kwamba hajameza vidonge vyake vya shinikizo la damu. Vilikuwa kwenye sanduku kubwa, chini kabisa ya buti, juu yake kukiwa na masanduku matatu. Mimi niliyepanga bahasha kwa umri nilikuwa nimepakia dawa za mama chini ya zawadi. Mume wangu na kaka walizitoa zote nje, kwenye theluji ya kufika magotini, wakizishika kwa mikono isiyo na glavu, huku nimemfunika mama kwa kitenge changu na koti langu. Alimeza kidonge kwa maji yaliyoanza kuganda. Chupa ya chai aliyotuandalia wifi, ile aliyoijaza chai ya tangawizi asubuhi, niliisahau juu ya meza yake.

Basi hapo nianze ushauri, ndugu zangu, na naomba muupokee kama unavyotoka kwa mtu aliyeumia. Dawa za mzee zikae mkononi mwa mtu mzima, za siku kumi na nne kuliko za siku saba, safari iwe ya ndege au ya gari. Gari lisitoke kwenye majira ya theluji likiwa na chini ya nusu tanki. Kuwe na blanketi kwa kila kichwa, maji, chakula kisichohitaji moto, sepetu ndogo na chaja ya simu. Shuka la Kimasai tulilompelekea kaka kama zawadi lingetufaa usiku ule kuliko zawadi zote, lakini lilikuwa limetandikwa kwenye kochi Richmond.

Hata hivyo mtu anaweza kuwa na hayo yote na bado akaumia, maana kosa langu halikuwa sepetu.

Tuliachiwa njia Jumanne asubuhi. Sasa lifikirieni jambo hili kwa makini, kwa sababu hapa ndipo dhoruba na ugonjwa viliposhikana mikono. Theluji peke yake inakuchelewesha siku mbili, kisha unapanda ndege nyingine. Wakati wa UVIKO-19 kila jibu la kipimo lilikuwa na saa zake, na vyeti vyetu vya kurudia Tanzania vilikuwa vinakufa tukiwa barabarani. Ikabidi tupime upya watu wote watano, kwenye foleni ya saa tatu ya watu wanaokohoa. Majibu yalirudi: wanne hatuna kirusi, mama anacho.

Sijui alikipatia wapi. Labda kwenye kituo cha mafuta tulikoingia Jumanne tukiwa tumebanana na mamia ya watu waliotoka kwenye foleni, labda kwenye foleni ya kupima yenyewe. Ninachojua ni kwamba kama ningekubali neno la kaka Jumapili usiku, hangefika katika sehemu hizo mbili. Mume wangu alirudi na watoto. Mimi nilibaki kumuuguza mama katika nyumba ya wifi niliyekuwa nimemjibu vibaya, naye alitupikia uji kila asubuhi na kuuacha mlangoni. Kwa rehema za Mungu na kwa chanjo ile, ugonjwa ulikuwa mwepesi: homa siku tatu na kikohozi. Lakini kipimo cha PCR, kile cha maabara, kinaweza kuendelea kuonyesha mabaki ya kirusi muda mrefu baada ya mtu kupona, na mama alipata cheti safi tarehe 26 Januari. Nilifika Moshi shule zimeshafunguliwa. Msimu wa sare niliokimbilia niliukosa wote, na wateja wawili wakubwa niliowahudumia kwa miaka sita walihamia kwa mwingine. Kwenye kikao cha ukoo mwezi Februari mjomba mmoja aliuliza, mama akiwepo, ni nani aliyeharakisha. Hakuna aliyejibu kwa niaba yangu, na bado inaniuma.

Kwa hiyo, mama wa Njiro, jibu langu ni kwamba usirudi tarehe 2 wala tarehe 3. Katika wiki ile ndege zimejaa, na siku moja ikiharibika hakuna viti vya kuhamishia watu. Tarehe 1 Januari 2022 pekee zilifutwa safari za ndege zaidi ya 2,700 nchini Marekani, kwa theluji na kwa wafanyakazi walioambukizwa. Rudi tarehe 8 au 9. Weka siku tatu tupu kabla ya sikukuu na siku tatu tupu kabla ya jambo lolote linalokusubiri nyumbani, na usimwahidi mtu kitu ndani ya siku hizo. Nunua tiketi inayobadilishika hata kama ni ghali zaidi, na mkatie mama bima ya safari yenye matibabu. Sharti la kipimo liliondolewa Juni 2022 na lile la chanjo Mei 2023, kwa hiyo bahasha yako itakuwa nyembamba kuliko yangu, lakini mafua makali na UVIKO-19 bado vinazunguka katika majira yao ya baridi na mama yako ni yule yule. Barakoa kwenye ndege avae.

Na kabla ya yote hayo, kubalianeni mapema ni nani mwenye neno la mwisho la kusema hatutoki leo. Asiwe wewe, kwa sababu wewe una ofisi ya kufungua. Awe kaka yako, ambaye ataendesha gari na ambaye anaijua theluji ya Minnesota, na akishasema asibishiwe, hata kama masanduku yameshapakiwa, hata kama watoto wameshavaa viatu. Mpigie leo, umwambie hivyo mama yenu akiwa anasikia.

Kuhusu nguo: fulana za ndani za kubana za mikono mirefu, soksi za sufu jozi nne kila mtu, na viatu vya kufunika kifundo cha mguu visivyopitisha maji. Soko la Kilombero utavipata vizuri kwenye mitumba, ila nenda asubuhi marobota yanapofunguliwa.