Unataka kujifunza kufuma? Vitambaa vya makochi vitasubiri, anza na mraba mmoja

Mtu akiniambia anataka kujifunza kufuma kwa kroshia, mara nyingi kichwani anaiona seti nzima ya vitambaa vya makochi: kile kirefu cha kochi la watu watatu, vile vya kwenye mikono, cha meza, na cha juu ya televisheni kama bado ana ile ya chogo. Sebule nyingi za Dar es Salaam tulizokulia zilipambwa hivyo, na mimi bado nazipenda. Ila kazi ile hufumwa kwa uzi mwembamba mweupe na kisindano chembamba cha chuma chenye ndoano nchani. Kwa anayeanza, hiyo ni njia ya uhakika ya kuichukia kroshia kabla hajaijua. Mishono ni midogo mno, huoni ulipochoma wala ulipokosea, na ukifumua mara mbili tatu uzi umeshakuwa wa kijivu kwa jasho la vidole.

Anza na mraba. Nasema ule wa mafungu mafungu yenye matundu, unaoanzia katikati na kukua kwenda nje, ambao kwenye mitandao ukitaka kuuona unaandika "granny square". Si jambo jipya hata kidogo. Kielelezo cha zamani zaidi kinachojulikana kilichapishwa katika gazeti la wakulima la Marekani mwaka 1885, na tangu hapo umependwa kwa sababu ile ile: unamaliza mabaki ya uzi, na kila kipande ni kidogo, kinaingia mkobani.

Mimi naupendea kitu kingine. Mraba huu unafundisha macho. Ukishajua kuyaona matundu yake, huhitaji tena kukariri maelezo ya mtu wala kusimamisha video kila sekunde tano.

Uzi na sindano

Kariakoo utapata vyote, kwenye maduka yanayouza zipu, vifungo, lasi na vifaa vingine vya mafundi cherehani. Nenda asubuhi, kabla jua halijakolea na kabla muuzaji hajachoka kukufungulia mifuko. Unachotafuta ni uzi wa unene wa kati, uliosokotwa vizuri, usio na manyoya. Uzi wenye manyoya ni mzuri kwa macho tu: ukikosea, haufumuliki.

Utaambiwa uchague kati ya pamba na ule wa kutengenezwa kiwandani, akriliki, ambao wengi tunauita uzi wa sweta. Akriliki ni wa bei nafuu na rangi zake zinawaka, basi wa kujifunzia unatosha. Lakini kwa hali ya hewa yetu hii, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, ukiushika nusu saa mikono inalowa jasho na uzi unagoma kuteleza kwenye sindano. Pamba inanyonya jasho. Mimi nafuma pamba karibu mwaka mzima, na akriliki naiachia Juni na Julai, upepo unapokuwa wa kistaarabu.

Muuzaji akikuambia "pamba tupu hii, dada", nunua kifundo kimoja kwanza, ufike nyumbani ukate kipande kifupi, ukiweke kwenye sahani ya bati na kukiwasha kwa kiberiti. Pamba inaungua na kunuka karatasi, na jivu lake ukiligusa linasambaratika. Akriliki inayeyuka, inajikunja, na ikipoa inaacha kidonge kigumu cheusi. Baada ya hapo ndipo urudi kununua vingine, na uangalie namba ya loti, yaani ya mkupuo uliotiwa rangi pamoja, kwenye karatasi ya uzi kama ipo. Rangi ya loti moja na nyingine hutofautiana kidogo, na dukani hutaliona hilo. Utaliona nyumbani kazi ikiwa imefika nusu.

Sindano chukua ya milimita 4, au 5 kama uzi ni mnene zaidi. Namba imegongwa kwenye mpini. Nashauri ya alumini, kwa sababu zile za chuma, kwa unyevu wa pwani hii, ukizisahau kwenye droo zinaota kutu na kutu inaingia kwenye uzi. Rangi ya kwanza iwe nyepesi, ya maziwa au ya waridi. Nyeusi na bluu iliyokoza ziache, hasa kama muda wako wa kufuma ni usiku. Umeme wetu unaujua mwenyewe.

Mishono ni mitatu tu

Wa kwanza ni cheni. Anza kwa kufunga kitanzi kimoja kwenye sindano, kisha uzi unazungushwa kwenye sindano, unavutwa kupita ndani ya kitanzi kilichopo. Fuma cheni nyingi tu bila mpango mpaka ziwe na ukubwa unaofanana.

Wa pili ni mshono mrefu, na huu ndio kazi yenyewe. Zungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuchoma. Choma, kamata uzi, vuta: sasa una vitanzi vitatu. Kamata uzi, vuta kupita vitanzi viwili vya mbele. Kamata tena, vuta kupita viwili vilivyobaki. Umebaki na kimoja, mshono umekamilika.

Wa tatu ni wa kufungia: choma, kamata uzi, vuta moja kwa moja kupita kila kilichopo kwenye sindano.

Tahadhari kwa wanaojifunza kwa video. Mshono huo mrefu Wamarekani wanauita double crochet, Waingereza wanauita treble, na Mwingereza akisema double crochet anamaanisha mshono mwingine, mfupi. Ndiyo maana unaweza kufuata maelezo neno kwa neno na ukatoa kitu kisichofanana na cha kwenye picha. Tazama mikono ya anayefuma, jina lisikusumbue.

Tufume sasa

Fuma cheni 4, kisha zifunge ziwe duara kwa mshono wa kufungia kwenye cheni ya kwanza. Umepata kiduara chenye tundu. Hapo hapo fuma cheni 3; hizi zinahesabiwa kuwa mshono mrefu wa kwanza. Fuma mishono mirefu 2 ndani ya tundu la duara. Hilo ni fungu moja, mishono mitatu iliyosimama pamoja. Fuma cheni 2, hiyo ni kona. Fungu lingine la mishono mirefu 3 kwenye tundu lile lile, cheni 2. Fungu la tatu, cheni 2. Fungu la nne, cheni 2. Funga juu ya zile cheni 3 za mwanzo.

Kitu ulicho nacho mkononi kitaonekana cha ajabu, pengine duara zaidi kuliko mraba. Usikivute wala kukifumua. Mzunguko wa pili ndio unaotoa kona.

Na hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo twende taratibu. Wanaoanza hudhani ni lazima wachome juu ya kila mshono wa mzunguko uliopita, kama walivyoona kwenye kufuma kofia. Kwenye mraba huu unafuma ndani ya tundu. Sindano inapita chini ya ile cheni yote, inatokea upande wa pili, na fungu linakaa limeikumbatia cheni. Ukishika kazi na kuiinua kwenye mwanga utayaona matundu manne ya kona. Hayo tu ndiyo yanayokuhusu kwa sasa.

Sogea kwa mishono ya kufungia juu ya mishono miwili inayofuata, kisha ingia kwenye tundu la kona. Fuma cheni 3 na mishono mirefu 2, kisha cheni 2, kisha mishono mirefu 3, yote katika tundu hilo hilo moja. Yaani kona inabeba mafungu mawili yaliyotenganishwa na cheni 2. Fuma cheni 1, nenda kona inayofuata, fanya vivyo hivyo: fungu, cheni 2, fungu. Ukimaliza kona nne, cheni 1, funga ulipoanzia.

Mzunguko wa tatu una jambo moja jipya. Katikati ya kila upande sasa kuna tundu dogo la ile cheni 1. Hilo linapata fungu moja tu. Kona inaendelea kupata mawili. Kuanzia hapo, hata ukitaka kufika ukubwa wa shuka la kitanda, sheria haibadiliki: kona mafungu mawili, tundu la pembeni fungu moja.

Kujihakiki ni rahisi. Mzunguko wa kwanza una mafungu 4, wa pili 8, wa tatu 12, wa nne 16. Kila mzunguko unaongeza manne. Mpwa wangu aliwahi kuniletea kipande chake akiwa amenuna, "Shangazi, mbona wangu una kona tano?" Tukahesabu mafungu, mzunguko wa pili ulikuwa na kumi. Aliiona nafasi kati ya mishono miwili ya fungu moja akadhani ni tundu. Ukihesabu kila unapofunga mzunguko, utafumua mzunguko mmoja tu badala ya mitano.

Kipande kikijikunja kama bakuli, mkono wako unakaza mno. Chukua sindano kubwa zaidi kwa nusu milimita. Kikifanya mawimbi pembeni, ondoa ile cheni 1 kati ya mafungu, wafumaji wengi hawaiweki kabisa. Mimi nawawekea wanaoanza kwa sababu inafanya matundu yaonekane. Na ukiona mraba umepinda kidogo upande mmoja ingawa hesabu iko sawa, ni kwa sababu unafuma kuelekea upande uleule daima. Geuza kazi kila unapoanza mzunguko mpya, utanyooka.

Mizunguko minne kwa sindano ya milimita 4 hutoa mraba wa kama sentimita 10 hadi 12, kutegemea uzi na mkono. Mradi mzuri wa kwanza ni mto wa kochi: ikitoka ya sentimita 10, miraba 16 inafunika upande mmoja wa mto wa sentimita 40 kwa 40, na nyuma unaweka kitenge. Kabla hujanunua uzi wote, pima mraba mmoja kwenye mzani wa jikoni. Ukiwa na gramu 8, unajua kifundo cha gramu 100 kitakupa kama kumi na miwili, kukiwa na akiba kidogo ya kuunganishia.

Ncha za uzi usizifunge fundo na kuzikata. Acha urefu wa kiganja, uzipitishe kwa sindano butu yenye tundu kubwa ndani ya mafungu, uende upande mmoja kisha urudi. Fanya hivyo kila unapomaliza mraba. Anayesema atazificha zote mwishoni ana miraba 16 yenye rangi nne kila mmoja, na namtakia kila la heri.

Kuhusu wapi pa kufumia: foleni ya kivuko Magogoni, kliniki, saluni, popote unapongojeshwa. Kwenye daladala ukiwa umekaa dirishani, sawa. Ukiwa umesimama, sindano ikae mkobani, jirani ana macho mawili tu.

Pasi iogope. Mraba wa pamba ulowanishe, uvute kona zake kwa pini juu ya godoro ulilotandika kanga ya zamani, na kwa joto letu saa chache utakuwa umekauka ukiwa umenyooka. Akriliki ikiguswa na pasi ya moto inalegea na kung'aa, na hairudi tena ilivyokuwa.

Watakuja wa kukuuliza unauzaje, na watalinganisha na shuka la kiwandani. Waambie kwa upole kwamba sweta hufumwa kwa mashine, lakini kroshia halisi viwandani haina mashine yake. Kila mraba wanaouona sokoni popote duniani umepita kwenye mikono ya mtu. Kisha taja bei yako na unyamaze.

Mwisho, rangi. Kama wewe ni wa Simba na lazima mto uwe mwekundu na mweupe, fuma kwanza mraba mmoja wa majaribio, uloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni pamoja na kitambaa cheupe usichokihitaji. Kitambaa kikitoka cheupe, endelea. Kikitoka cha waridi, uzi huo unachuja, utafutie kazi isiyokutana na nyeupe. Na watani wa Jangwani wasicheke, kijani nacho kinachuja.