Shangazi, mume wangu amenichoka

"Shangazi, nina miaka 34, naishi Tanga. Mume wangu ni dereva wa daladala. Simu zangu hapokei, akirudi hasemi, anawaogesha watoto halafu analala. Mama yake ananiletea maandazi kunionyesha sijui kupika. Tangu Ramadhani silali, nalia ovyo, genge langu nimelifunga. Sina faida kwa mtu, bora nisingekuwepo. Niondoke?"

Pole, mwanangu. Sasa tusemezane.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikimtafuta huyo mume mbaya, sikumwona. Hapokei simu? Yuko kwenye usukani! Jioni anawaogesha watoto, na wewe unalihesabu hilo kuwa kosa. Mkweo naye ameona jiko lako halina moto, akakaanga maandazi. Mimi niko upande wao, ninune ukitaka.

Kinachokutesa ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Daktari Aaron Beck wa Marekani, miaka ya 1960, aliwasikia wagonjwa wake wakirudia mambo matatu: sifai, dunia hainitaki, kesho haina heri. Yote umeniandikia. Tena yanalishana: unawaza hufai, unafunga genge, hela ikikosekana, unajiona hufai zaidi.

Nanyi wa siku hizi mnapima mapenzi kwa simu. Enzi zetu mume alikwenda Mombasa miezi mitatu kwa barua moja, na hatukusema tumeachwa. (Wengine kweli tuliachwa, ila hiyo ni habari nyingine.)

Hilo la "bora nisingekuwepo" silifanyii mzaha. Mwambie mumeo leo hii, kesho asubuhi mwende hospitali. Likikuzidi usiku, msingoje kuche. Kwa daktari usijifiche kwenye "kichwa kinauma", sema ulivyoniambia. Ukiandikiwa dawa, huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, kwa hiyo usizitupe siku ya nne. Mazungumzo nayo ni tiba: Harare, Zimbabwe, tangu 2006, Dk Dixon Chibanda amewafunza mabibi wa mtaani kukaa benchi na wenye "kufungisisa", Kishona cha kuwaza kupita kiasi, wakachambua nao tatizo moja moja.

Tafuta daftari. Upande mmoja andika "amenichoka", wa pili andika ulichokiona kwa macho, ukianza na watoto kuogeshwa. Genge lifungue saa mbili tu kwa siku, hata kwa nyanya na vitunguu. Na mkweo akija, mkaribishe ndani, bandika chai.