Daftari la bei linanigombanisha na mume wangu

"Shangazi shikamoo. Mwezi wa nne huu naandika bei za vyakula kwenye daftari ili tubane matumizi. Kila Jumamosi nazunguka maduka manne, narudi nimechoka hoi, na hela inayobaki siioni. Mume wangu ananiita mkaguzi wa hesabu, eti hata akileta kitu namuuliza bei kabla sijasema asante. Niliache?"

Marahaba mwanangu. Daftari usilitupe, ila hayo maduka manne ndo yanakumaliza, hebu piga hesabu ya nauli na hiyo nusu siku afu uniambie ulichookoa kwenye pakiti ya sukari kimeishia wapi. Daftari halijaja kukukimbiza mtaani, limekuja ili ukisimama mbele ya shelfu ujue hii bei ya kawaida au unapigwa.

Sasa niambie, unaandika bei ya pakiti au bei ya kilo? Maana wengi tunaliwa hapo. Pakiti ya kilo moja ikishushwa ikawa gramu 900 na bei ikabaki ile ile, daftari litakwambia hakuna kilichobadilika, kumbe umepandishiwa kama asilimia 11 kimyakimya. Gawanya bei kwa uzito, kalkuleta si ipo kwenye simu, uandike bei ya kilo au ya lita. Mimi hapa niliwahi kubeba dumu la mafuta la lita 5 mpaka mkono ukafa ganzi, najua kubwa ndo nafuu, nafika nyumbani nagawanya kwa 5 nakuta zile chupa za lita moja zilikuwa na bei nzuri zaidi, nikanyamaza kama sio mimi. Na ofa nazo, angalia uliandika nini mwezi juzi, nyingine ni bei ya siku zote imebandikiwa karatasi nyekundu tu.

Afu usiandike kila kitu jamani, chumvi unanunua mara ngapi? Chukua vitu kumi, kumi na mbili vinavyokula hela kila mwezi, duka moja kubwa, la pili siku ukipita njia hiyo, imetosha. Ukurasa wa nyuma andika unavyotupa, maana nyanya ulizopata kwa bei ya bure zikioza nusu, hizo ulizokula umezinunua mara mbili ya bei, na nina wasiwasi hela yako usiyoiona iko huko.

Kuhusu mumeo, hapo ulipita haraka haraka kwenye barua ila mi nimesimama hapo hapo. Mtu katoka kazini, kakumbuka nyumbani, kasimama mlangoni na mfuko, afu salamu yake ni "umenunua shingapi?" Pokea mfuko, sema asante. Risiti si iko humo humo ndani, utaisoma akienda kuoga.