Niliposti ukweli kwenye grupu la kazini, nikaachishwa kazi

Mkuu, umeuliza kama uweke kwenye grupu la WhatsApp la kazini kwamba msimamizi wako anasainia mzigo hewa. Usiweke. Mimi niliweka.

Nilikuwa stoo ya kampuni moja ya ujenzi hapa Dar. Fuso limeingia jioni na saruji, hati inasema mifuko 600. Nimehesabu na turnboi mpaka vumbi limetujaa puani: 540. Msimamizi akanisogezea kalamu, "Saini bwana, hiyo sitini inakuja kesho." Haikuja. Mara ya tatu nikapiga picha hati, nikaitupia kwenye grupu, na chini yake nikaandika "wezi wetu hawa".

Hayo maneno matatu ndiyo yaliyonimaliza. Barua ya kujieleza haikugusa saruji kabisa. Nilishtakiwa kutoa nyaraka za ofisi na kumtukana kiongozi. Wenzangu waliokuwa wakinipigia usiku, "kaka umetusemea", siku ya kikao cha nidhamu hakuna aliyeona wala kusikia kitu.

Baada ya kuachishwa nikakaa wiki tatu nikisubiri bosi mkubwa aniite tuongee (ujinga huu usiurudie). Mwisho wa kufungua shauri CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi, ni siku 30 tangu uachishwe kazi. Nimejaza fomu yao namba moja zimebaki siku nne.

Huko ndiko nilikoelewa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 37, inasema kutoa taarifa ambayo sheria inakuruhusu kuitoa si sababu halali ya kukuachisha. Halafu ipo sheria ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, nayo inamlinda aliyetoa taarifa kwa nia njema kwa mamlaka inayohusika. Sasa grupu la WhatsApp ni mamlaka gani? Picha ileile ningempelekea mkuu wa yule msimamizi kwa barua, au ningepiga 113 kwa TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, ningekuwa na pa kusimamia. Tulimalizana kwenye usuluhishi, nikapewa mishahara kadhaa, kazini sikurudi.

Wewe anza na daftari leo: tarehe, namba ya gari, idadi uliyohesabu, nani alikuwepo. Barua iwe nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Usimwite mtu mwizi humo ndani. Andika zimeandikwa 600, zimeshushwa 540, basi. Na wakikuletea barua ya kujieleza, ijibu ndani ya muda hata ukiona ni upuuzi mtupu.

Hujasema uko kampuni binafsi au serikalini. Kama ni serikalini niambie, maana huko unaanzia Tume ya Utumishi wa Umma, CMA hawatakusikiliza kabla ya hapo.